Maharagwe Yaliyopanda Kinyume

Mwalimu Élie alikuwa na wivu, na afadhali tuseme mapema ulikuwa wivu wa namna gani, kwa sababu watu wa Ngungu wakisikia mume ana wivu huanza mara moja kumtafuta mwanaume mwingine nyuma ya nyumba. Hapakuwa na mwanaume mwingine. Élie alimwonea wivu mke wake mwenyewe, tena kwa kazi yake.

Mke aliitwa Uwamwezi, mzaliwa wa mlima huo huo, binti wa watu waliolima maharagwe tangu enzi za babu zao. Wote wawili walifundisha katika sekondari moja pale Ngungu, Élie kemia, Uwamwezi biolojia. Élie alikuwa mtu wa Kibua, kule Walikale, ambako watu hulima mihogo na ndizi, na maharagwe yakipandwa huwa ni yale mafupi yasiyohitaji kitu cha kupandia. Walijuana katika chuo cha ualimu. Wakati huo Élie alikuwa mbele yake kimasomo, na ndiye aliyemkalisha Uwamwezi kwenye benchi akamweleza jinsi sukari na fosfati zinavyoshikana kufanya uti wa ADN, ile ambayo vitabu vya Kiingereza huiita DNA. Uwamwezi alimtazama kwa macho makubwa ya kustaajabu. Élie, maskini, alidhani atatazamwa kwa macho yale maisha yake yote.

Mambo yakageuka. Wanafunzi walimpenda Élie jinsi mgonjwa anavyopenda dawa chungu, akijua ina faida. Lakini ikifika saa ya Uwamwezi, hata waliofukuzwa darasani kwa utundu walibanana dirishani wasikilize. Sokoni akina mama waliacha kupima unga wakamwita, "Mama Biolojia! Karibu, Mama Biolojia!" na Élie, aliyekuwa kando yake na kifuko cha chumvi mkononi, aliitikia salamu ambayo hakupewa. Roho ilimuuma. Alikuwa anajiambia kwamba bila yeye mwanamke huyu asingejua hata fosfati inaandikwaje, na kila alipojiambia hivyo roho ilimuuma zaidi.

Kilichomchoma kabisa ni ule mti. Uwamwezi alichukua fito moja ndefu ya maharagwe, zile ambazo watu wa Ngungu huziita mishingiriro, akaitoboa toka chini hadi juu na kupenyeza vijiti vya mtama, kimoja juu ya kingine kama vidato vya ngazi. Kila kijiti alikigeuza kidogo kuliko cha chini yake. Ncha za vijiti akaziunganisha kwa kamba mbili za mgomba, moja upande huu na moja upande ule, na kamba zikawa zinaizunguka fito huku zikipanda. Kila kijiti alikivisha vipande viwili vya kitenge: chekundu kilikaa na njano tu, buluu ilikaa na kijani tu. Hizo ndizo jozi zinazobeba maagizo yote ya mwili, nani awe mrefu, nani awe na pua ya shangazi yake. Mtoto aliyeuona ule mti aliielewa ADN kabla hajafunguliwa kitabu.

Siku alipoupeleka darasani Élie alipita karibu na dirisha. Alisikia darasa zima linacheka na kupiga makofi. Kijicho kikampanda, akaondoka kwa haraka bila kusikiliza walichokuwa wakicheka. Angesimama kidogo tu, angesikia neno ambalo lingemwokoa.

"Batoto, weye mutoto wa mulimaji," Uwamwezi alikuwa anauliza, "ukikunjua haragi ku fito, uizungushe ngambo ingine, itakubali?"

"Itakataa, Madame! Asubui iliisha kurudia ngambo yake!"

"Njo vile. Haragi inapanda na ngambo moja tu. Ukisimama mbele yake, inatoka kushoto, inapanda kuendea kuume. Na ADN mu mwili yetu iko vile vile."

Halafu akawasimulia namna ilivyojulikana. Akaanza na Mswisi mmoja aliyechukua bandeji zenye usaha kutoka hospitali akatoa humo kitu ambacho hakuna aliyekijua, na watoto wakaziba pua. Akaja kwa wale wa Marekani waliochukua kitu hicho hicho kutoka kwa vijidudu wakali waliokufa, wakawapa vijidudu wapole, na wapole wakawa wakali. Hapo ndipo wataalamu walipoanza kukubali kwamba urithi umeandikwa ndani ya ADN. Mwisho akafika kwenye sehemu ambayo darasa lake liliipenda kuliko zote, sehemu ya picha. Kule London, Rosalind Franklin na mwanafunzi mmoja wa maabara walipiga picha ya ADN kwa miale ya X. Picha ilionyesha msalaba wa madoa meusi, alama ya kitu kilichojizungusha. Mwenzake wa kazi akamwonyesha mtu wa mji mwingine picha ile bila kumwomba mwenyewe. Mtu yule na rafiki yake walikuwa wanahangaika na fumbo hilo hilo. Baada ya muda mfupi wakajenga mfano wao, na dunia ikawashangilia.

"Bakamuibia!" darasa lilipaza sauti.

"Bale nabo balifanya kazi kubwa, musibazarau," Uwamwezi alisema. "Lakini bangemuuliza tu. Kuuliza muntu inaomba nini?"

Élie aliijua hadithi hiyo. Alikuwa amemsikia mkewe akiirudia nyumbani huku akichambua maharagwe, mara nyingi mno kwa ladha yake.

Baada ya siku chache prefe, yaani mkuu wa shule, Papa Isidore, aliwakusanya walimu akawapa habari. Inspekta Twizeyimana atakuja na walimu wa shule jirani, na wazazi watakaribishwa. Mwalimu mmoja wa sayansi atatoa somo la mfano. Likimpendeza inspekta, mwalimu huyo atapewa kazi ya kuzunguka shule zote za huko Masisi akiwafundisha walimu wenzake. Prefe hakutaja jina, ila macho ya walimu wote yalimwendea Uwamwezi kama vile wamekubaliana. Élie aliyaona yale macho, akaitamani kazi ile kuliko alivyowahi kutamani kitu.

Jumamosi Uwamwezi alikwenda kwa mama yake kulima. Mti ulikuwa umesimama ukutani sebuleni, kando ya kalenda ya parokia. Élie aliuzunguka, akaugusa, akauchukia, kisha akatoa simu. Alitaka picha ambayo mtu akiiona asiulize mti ni wa nani. Akajiweka kando yake, akageuza kamera ile ya upande wa uso, akatabasamu kama bwana arusi, akabonyeza. Alipoitazama picha aliona uso wake tu. Ukweli ni kwamba ile simu yake ya bei rahisi iligeuza kila picha ya namna hiyo kama kioo kinavyogeuza, kushoto kikawa kulia, hata maandishi ya kalenda yakasomeka kinyume. Lakini nani hutazama kalenda wakati anajitazama mwenyewe?

Alikwenda moja kwa moja kwa prefe.

"Papa Isidore, tazama ile kitu miye nilitengeneza ya somo."

Prefe alivaa miwani. "Weye? Yee! Élie, na unanyamazaka tu vile! Nilikuwa nazania bibi yako njo ataifanya."

"Bibi yangu miye njo nilimufundisha," Élie alisema, na kwa kuwa hilo lilikuwa kweli kidogo, halikumkwama kooni.

"Basi, ni weye. Nitumie ile picha."

Akaituma. Akarudi nyumbani akipiga mbinja, na mbinja ikamkauka alipofika mlangoni.

Jioni hiyo alimwambia mkewe kwamba prefe amemchagua yeye, na kwamba atafundisha ADN.

"Balikuchagua juu ya nini?" Uwamwezi aliuliza. Hakukasirika. Hilo lilimuudhi Élie.

"Juu ya miaka yangu ya kazi."

"Ni vizuri." Akampakulia maharagwe, akakaa. "Hakuna kitu ingine?"

"Kitu gani?"

"Siyue. Nauliza tu."

"Hakuna," Élie akasema, akaomba chumvi.

Wiki iliyofuata mvua zilikuwa zimeshika vizuri na maharagwe ya mama mkwe yalianza kutafuta mahali pa kushika. Fito zilikuwa adimu mlima mzima. Uwamwezi alitoka sokoni, akasimama mbele ya ule mti kwa muda, halafu akamgeukia mumewe.

"Élie, mama anakosa mishingiriro. Huu muti wangu, uko na kazi nao?"

Hapa angeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na hata mtoto angeuona. Élie alifikiria walimu wote wa Masisi wakimngoja Uwamwezi ashuke kwenye pikipiki, wakimpokea begi, wakimwita Mama Biolojia mpaka kule Mweso.

"Hapana," alisema. "Nitatumia ubao tu."

"Hakika?"

"Nimesema ubao."

Uwamwezi akavuta kijiti kimoja kimoja, akakunja kamba, akatia vitenge katika kikapu. Fito akaiweka begani akaenda nayo shambani. Élie alimtazama akiteremka kilima. Alifurahi, kisha akaona aibu kwa kufurahi, kisha wivu ukaja ukavimeza vyote viwili.

Tangu siku hiyo akawa anabaki shuleni baada ya masomo. Katika depo ya viti vibovu alijenga mti wake, simu mkononi, akiiga ile picha kidato kwa kidato, ila vijiti alivifunga kwenye fito badala ya kuitoboa. Kitabu chake cha kemia hakikumsaidia, maana kilichora ADN ikiwa imenyooka kama ngazi iliyoegeshwa. Hakwenda kuangalia shamba lolote. Na kwa nini aende? Kwao Kibua haragwe halipandi popote, na katika miaka yote aliyokaa Ngungu aliyajua maharagwe ya huko yakiwa sahanini. Picha ilisema kamba ipande kuelekea kushoto, naye akaipandisha kushoto. Alipomaliza aliufunika mti kwa kitenge, akajisemea kwamba huu sasa ni wake kweli, maana mikono iliyoutengeneza ni yake.

Asubuhi ya siku yenyewe Uwamwezi alimpigia pasi shati lake jeupe kwa makaa. Akamfunga kifungo cha juu.

"Élie, tungali na wakati."

"Wakati ya nini?"

Alimtazama. "Ya kunywa chai," alisema.

Ukumbi wa shule ulijaa. Inspekta Twizeyimana alikaa mbele na prefe, walimu wageni nyuma yao, wanafunzi pembeni, wazazi kwenye mabenchi ya ukutani wakiwa na udongo wa shamba miguuni. Uwamwezi alikaa nyuma kabisa. Élie alianza vizuri, tusimnyime haki yake. Alieleza sukari na fosfati kama maji yanavyoteremka. Alieleza bandeji za usaha, wazazi wakaguna. Alieleza vijidudu wakali na wapole, inspekta akatikisa kichwa kwa kuridhika. Élie aliona vichwa vyote vimemwelekea, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi aliyaona yale macho ya kwenye benchi la chuo, safari hii yakiwa mengi. Moyo ulimjaa. Akashika kitenge, akakivuta.

"Njo hii ADN," alisema. "Tazameni. Iko sawa vile maharagi yenu inapanda ku fito."

Kwenye mabenchi ya ukutani mama mmoja akaziba mdomo kwa leso. Jirani yake akamsukuma bega. Kicheko kikaanza huko, kikahamia kwa wanafunzi, kikaenda hadi kwa walimu wageni, ambao nao walikuwa na mashamba yao.

"Mwalimu," Papa Byukusenge, mzazi mmoja, aliuliza akifuta machozi, "hii haragi ilitoka wapi? Njo vile inapandaka kule kwenu Kibua?"

"Ni mufano tu," Élie alisema. Hakuelewa wanacheka nini, na hilo ndilo lililomtisha.

Papa Isidore alikuwa mtu mwema, na watu wema ndio wanaomaliza mtu. Alisimama kumtetea mwalimu wake. "Musimucheke! Huu alitengeneza tena mu depo. Ule wa kwanza alitengeneza muzuri kabisa, niko na picha yake." Akampa inspekta simu.

Inspekta aliitazama picha, akautazama mti, akaitazama tena picha. Akaisogeza karibu na macho.

"Hapa nyuma kuko kalendari," alisema polepole, "na maandiko yake inasomeka kinyume. Picha yote imegeuka. Kusema, ule muti wa kweli ulikuwa unapanda kuume, sawasawa. Mwenye kuutengeneza alijua." Akainua macho. "Sasa, Mwalimu, muntu anatengeneza vizuri mara ya kwanza, mara ya pili anasahau namna gani?"

Élie aliugeuzia mti mgongo. Akafanya anachofanya mwalimu yeyote aliyebanwa: akakimbilia mbele katika somo. Alisema kwa haraka kwamba mwaka elfu moja mia tisa hamsini na tatu wataalamu wawili walitangaza umbo la ADN, na kwamba baadaye watu watatu walipewa tuzo, asanteni kwa kusikiliza.

"Na picha, Mwalimu?" mwanafunzi mmoja akapaza sauti.

"Umeruka picha!" wakadakia wenzake. Hawakuwa na ubaya wowote. Ilikuwa sehemu wanayoipenda. "Elezea bageni picha!"

Inspekta naye akageuza kichwa. "Picha gani?"

Basi Élie akaieleza. Alieleza maabara ya London, akaeleza mwanamke na kazi yake, akaeleza ule msalaba wa madoa. Sauti yake ilipungua. "Mwenzake akakamata ile picha," alisema, "akaenda kuionesha kwa mwingine, bila..." Akamtazama Uwamwezi kule nyuma. Mikono ya mkewe ilikuwa imetulia mapajani. "Bila kumuuliza."

Ukumbi ulikuwa unangoja. Shati jeupe lilikuwa limemganda mgongoni.

"Ule muti wa ku picha ulikuwa wa bibi yangu," Élie alisema. "Miye nilijipiga nao picha tu."

Na hapa ndipo mtu huona wivu ulivyo na roho ngumu. Hata wakati anasema neno la haki, vichwa vyote vilipogeuka kwenda nyuma, vikimwacha yeye kama ubao uliofutwa, Élie alihisi kile kijicho cha zamani kikimrudia. Alitamani watu wamtazame yeye, hata kama ni kwa kumlaumu.

Inspekta alimwomba Uwamwezi amalizie somo. Akapita katikati ya mabenchi bila haraka. Hakumsema mumewe, wala hakumtazama. Alifungua kamba, akageuza vidato kimoja kimoja huku akieleza, na kamba zikaanza kupanda upande wake. Wazazi walipiga makofi kabla hajafika juu.

"Madame," mwalimu mmoja mgeni aliuliza, "yule mwanamuke, alipata kujua kama picha yake ilioneshwa?"

"Banasemaka hakujua," Uwamwezi alijibu. "Alikufa kijana, mbele ya ile tuzo kutolewa. Alikufa bila kujua."

Inspekta alisimama akamshika mkono mbele ya watu wote, na hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nani atazunguka shule za Masisi. Wageni walitoka nje kula. Élie alibaki akikusanya vipande vya kitenge sakafuni, kwa kuwa hakujua aweke wapi mikono yake. Uwamwezi alikuja akainama kando yake, akaokota chekundu na njano.

"Yule alikufa bila kujua," alisema kwa sauti ya chini. "Miye nilijua. Bibi ya prefe, Mama Joséphine-Marie, alinionesha ile picha ku soko, anafurahi, anasema bwana yangu njo fundi. Nikaona kalendari yetu imegeuka. Siku ile ile nikarudi ku nyumba, nikakuuliza kama uko na kazi na muti."

Élie alikaa chini sakafuni. Siku ya fito. Chai. Kifungo cha shati.

"Ulijua," alisema, "na ukaniacha?"

"Nilikuwa nangojea uniambie."

"Sasa nimesema, Uwamwezi. Nimesema mbele ya bantu yote."

"Uliambia bantu," mkewe alisema. "Miye haujaniambia."

Akachomoa fito kutoka katikati ya vidato, akaipangusa kwa ncha ya kitenge chake, akaiweka begani. Maharagwe ya mama yake yalikuwa bado yanakosa pa kupandia, akateremka nayo shambani.